Nilivyomshuku Kemunto kwa Majibu Sahihi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Soin kwa baiskeli, jasho limenilowesha hadi soksi, na jambo la kwanza Mwalimu Mkuu alilofanya ni kuichukua barua yangu ya kazi na kuiinua mbele ya jua. Alitaka kuona kama muhuri ni wa kweli. Akaigeuza, akainusa, akaniangalia kuanzia viatu hadi kichwani, kisha akasema, "Inaonekana iko sawa. Lakini nitaandikia ofisi niulize."

Sikukasirika. Nilimpenda papo hapo. Mimi nimezaliwa na roho hiyo hiyo ya kushuku, na kama ninyi walimu vijana mnataka kujua tulivyofundisha hesabu miaka ile baada ya uhuru, afadhali mjue kwanza ni mtu wa aina gani anayewasimulia. Marehemu mke wangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba naonja chumvi mara mbili nikidhani dukani wamenipa sukari. Alizidisha, lakini si sana.

Nilikuwa mwalimu wa P3. Maana yake ni kwamba nilimaliza shule ya msingi, nikakaa chuo cha ualimu miaka miwili, nikaruhusiwa kufundisha kila kitu kuanzia Biblia hadi kilimo. Mimi nilichokipenda ni hesabu. Hesabu haina maneno matamu. Jibu ni lile au si lile, na mtu hawezi kukuzungusha.

Mwalimu Mkuu wa Soin ndiye aliyenifunza kazi hasa, kuliko chuo. Kila asubuhi tulianza na hesabu za kichwa. Mwalimu anasoma maswali kumi, mtoto anaandika jibu peke yake bila kuonyesha njia, basi. Zilichukua dakika kumi na tano na ziliamua nani ana akili na nani hana. Mwalimu Mkuu alisimama nyuma ya darasa langu wiki nzima ya kwanza, mikono mgongoni, na siku ya Ijumaa akaniita kando.

"Kiprono, wewe unaangalia daftari," akasema. "Wacha daftari. Angalia macho. Mtoto anajua jibu, macho yake iko chini. Mtoto hajui, macho yake inatembea. Fuata hiyo macho, utapata mwizi."

Niliyaweka maneno hayo moyoni, nikayatumia miaka minne pale Soin. Nilikamata watoto wengi. Nilijifunza kupanga madawati ili wawili wa nguvu sawa wasikae pamoja, kugeuza mpangilio wa maswali kwa safu ya kushoto na ya kulia, na kusoma swali nikiwa nimesimama nyuma ili wasijue nimemkazia macho nani. Nilijiona fundi.

Siku hizi mna majina ya heshima kwa watoto wanaopata shida ya kujifunza, na kuna walimu waliosomea kazi hiyo. Sisi tulikuwa na neno moja, "wazito", na mahali pamoja, kona ya nyuma. Wazito ndio waliotumwa maji, ndio waliofagia, ndio waliofuta ubao. Njia yetu ya kuwafundisha ilikuwa kurudia kitu kile kile kwa sauti kubwa zaidi. Mtoto asipoelewa tebo ya saba, yaani orodha ya saba mara moja, saba mara mbili hadi mwisho, tulimwimbisha tena, na asipoelewa tena tulimchapa. Naandika haya bila kujitetea. Ndivyo ilivyokuwa na mimi nilikuwa miongoni mwao.

Kutoka Soin nilihamishiwa Chepseon, na huko sikukaa sana. Mkaguzi wa Shule alikuja siku moja kwa Landrova bila kutoa habari, akakaa katika somo langu tangu mwanzo hadi mwisho, akatembea kati ya madawati akipima kwa hatua nafasi niliyoacha. Alipomaliza alinishika bega.

"Mwalimu, hapa hakuna mtoto anaweza kuiba hata herufi," akasema. "Hii darasa ni gereza kabisa."

Nadhani alikuwa ananisifu. Mimi nilipokea kama sifa, hata nikamwandikia baba. Muhula haukuisha kabla ya barua kufika: nilitakiwa katika shule ya shamba moja kubwa la chai upande wa Kericho, ambako Mwalimu Mkuu alikuwa analalamika kwamba watoto wa kambi ya wafanyakazi ni wadanganyifu.

Shule ile ilikuwa ya mbao, imesimama kwenye mteremko, na madirisha ya darasa langu la tano yalitazama bonde na mlima wa pili. Chini ya madirisha kulikuwa na chai, ng'ambo ya bonde chai, na nyuma ya choo cha walimu chai. Mwalimu Mkuu alikuwa mzee mwembamba, shemasi wa kanisa, mwenye tai moja ya kahawia aliyoivaa kila siku ya kazi. Alinionyesha rejista, akanionyesha madawati, kisha akanieleza sheria ya shule.

"Watoto ni wengi, deski ni kidogo," akasema. "Mtoto akianguka hesabu mwisho wa mwaka, tunamvumilia. Akianguka mara ya pili, anatoka, deski inapewa mwingine. Hakuna kulia kwa ofisi yangu."

Katika darasa langu mtoto mmoja tu alikuwa ameshaanguka mara moja, na jina lake lilikuwa Kemunto. Alikuwa wa miaka kumi na mbili hivi, mkimya, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu la maji moto. Mama yake alikuwa mchuma chai aliyetoka upande wa Kisii na kukaa kambini. Kemunto akianguka tena, mwaka ukifunguliwa angeonekana kwenye chai na kapu mgongoni kando ya mama yake, na shule ingekuwa imeishia hapo. Kila mtu alilijua hilo, na yeye alilijua kuliko sisi sote. Niseme na jambo jingine, maana nimezeeka na sina wa kumwogopa: sisi Wakipsigis wa huku na watu wa kule tulizoea kutazamana kwa pembe ya jicho. Sitajidai kwamba hilo halikuwemo kichwani mwangu. Lilikuwemo.

Muhula wa kwanza Kemunto alipata moja, au mbili, au sufuri katika hesabu za kichwa. Kujumlisha alijikokota kwa vidole. Kuzidisha hakujua kabisa. Nilimweka dirishani, katika kona ya wazito, nikamsahau.

Kisha, katika miezi ya baridi, asubuhi moja akapata nane kwa kumi. Kesho yake tisa. Yote yalikuwa maswali ya kuzidisha.

Mwalimu mwenye moyo mwema angeshangilia. Mimi nilihisi joto shingoni kama mtu aliyeibiwa. Siku ya tatu nilisimama nyuma, nikasoma polepole, "Saba mara nane," na nikamwangalia macho. Macho yake yalitembea! Yalikwenda upande wa dirisha, yakarudi, yakaenda tena, kisha akaandika hamsini na sita. Kati yake na dirisha nilikuwa nimemkalisha mvulana mmoja, mtoto wa karani wa kiwanda, hodari wa hesabu, ili wa nguvu sawa wasikae pamoja. Nikasema moyoni, nimekupata.

Nilimhamisha siku hiyo hiyo. Nilimkalisha mbele kabisa, uso ukutani, mgongo kwa darasa, mita moja kutoka meza yangu. Asubuhi iliyofuata alipata moja. Iliyofuata, sufuri. Nakiri kwamba nilifurahi. Nilichukua kalamu nyekundu na kitabu cha maendeleo, kile ambacho Mwalimu Mkuu alikisoma kila mwezi, nikaandika mbele ya jina lake: "Huiba majibu. Hajui lolote." Mwalimu Mkuu alisoma, akatikisa kichwa, akaweka alama ndogo pembeni. "Hiyo deski nimeshajua nitampa nani," akasema.

Jambo lililoniharibia furaha ni daftari la yule mvulana. Nilikuwa nalipitia jioni nikitaka kulinganisha, ili nikiulizwa niwe na ushahidi. Siku ile ya tisa kwa kumi, mvulana alikuwa amekosa maswali mawili. Kemunto alikuwa ameyapata yote mawili. Nikalinganisha siku ya nane kwa kumi, vilevile. Mtu hawezi kuiba kitu ambacho anayeibiwa hana. Mimi, fundi wa kukamata wezi, sikuwa nimefanya hesabu hiyo ndogo kabla ya kushika kalamu nyekundu.

Mngedhani hapo nilijishuku mimi. La. Nilijiambia kwamba mwizi ni mkubwa kuliko nilivyofikiri, na kwamba anaibia kwa mtu mwingine. Nikamrudisha Kemunto dirishani, kama mtu anayetega panya, nikasoma maswali huku nimejibanza pembeni mwa dirisha kuangalia nje.

Nje, katika chai iliyo chini ya madirisha, wanawake walikuwa wakichuma. Mchuma chai hukata majani mawili na kichipukizi chake, hujaza viganja, kisha hurusha nyuma ya bega ndani ya kapu bila kugeuka. Wa pili kutoka mwisho alikuwa Mama Kemunto. Nikasoma, "Saba mara nane." Nikahesabu. Mama alirusha mara tano. Akatulia, akanyoosha mgongo. Akarusha mara sita.

Tano, sita. Hamsini na sita! Nilitoka mlangoni mbio, chaki mkononi, nikawaacha watoto wamesimama juu ya madawati kunitazama. Nilishuka mteremko kupitia kati ya chai hadi magoti yakalowa, nikasimama mbele ya yule mama na mbele ya nyapara wake na wanawake wote wa safu ile.

"Mama, unampa mtoto majibu kwa mkono," nikasema. "Nimekuona. Nimehesabu."

Alinitazama, mikono imejaa majani.

"Majibu ya nini, mwalimu?"

"Ya hesabu. Umerusha mara tano, halafu mara sita."

"Mimi sijui kusoma hata saa," akasema. "Hiyo hesabu mimi ningeitoa wapi? Na hapo ndani nasikia vipi wewe ukiuliza?"

Mwanamke mmoja alicheka, wengine wakafuata. Nyapara hakucheka. Yeye hakutaka mambo ya shule yaingie katika safu zake, na jioni ile akamhamishia Mama Kemunto kwenye chai ya mbali, kule mtoni, mwendo wa saa nzima kwa miguu kwenda na saa nzima kurudi na kapu. Nilipoambiwa nilijisikia vibaya kidogo tu. Nilijiambia kwamba sasa tutaona.

Tuliona. Kesho yake, mama akiwa hayupo na chini ya dirisha hakuna mtu yeyote isipokuwa ndege, Kemunto alipata tisa.

Watoto walipotoka kwenda kucheza nilimwambia abaki. Nikakaa naye kwenye benchi lake, goti langu likigonga chini ya dawati. Nilikuwa nimechoka kushuku, ingawa sikuwa nimeacha. Nikasema kwa sauti ya chini, "Sita mara tisa," na sikumwangalia machoni kama nilivyofunzwa, maana nilikuwa kando yake. Nilitazama alikotazama yeye.

Alitazama mlima wa ng'ambo. Kidevu chake kiliteremka kidogo kidogo, mara sita, kisha kikaenda pembeni, polepole. Na mimi kwa mara ya kwanza nikauona mlima ule. Ulikuwa umepogolewa. Kila baada ya miaka kadhaa chai hukatwa chini karibu na magoti ili ichipue upya, na ikishakatwa, lile blanketi la kijani huondoka na mashina hubaki yamesimama moja moja, katika mistari iliyonyooka ya kulala, mmoja chini ya mwingine kuanzia juu hadi chini. Mlima mzima ulikuwa umejaa mistari ya mashina. Ulikuwa umekatwa mwanzoni mwa miezi ile ya baridi, wiki ile ile Kemunto alipoanza kupata.

"Unahesabu mashina?" nikauliza.

Akaanza kulia. Alilia bila sauti, akijipangusa kwa mkono ule wenye kovu.

"Mwalimu, hiyo ni kuiba?" akasema. "Sikujua ni kuiba. Mimi naenda mistari sita, halafu naenda mpaka mti ya tisa, naona yote iko ndani kama shamba. Nahesabu kumi kumi. Nikiangalia ukuta sioni kitu."

Nimeulizwa maswali mengi katika kazi hii, na wakaguzi na maafisa na wazazi walevi. Hakuna lililonishinda kama hilo. Nilimwambia si kuiba. Nilimwambia ni hesabu, na ni hesabu hasa, kwa sababu mtoto yule alikuwa amejionea mwenyewe maana ya kuzidisha, jambo ambalo wale hodari wangu walikuwa wanaliimba tu kama kasuku. Hayo yote niliyasema moyoni. Kwa mdomo nilisema, "Nenda ucheze."

Kulikuwa na shida moja, na niliiona jioni ile nikitembea kwenda nyumbani. Mashina yalikuwa yameshachipua. Kufikia mwisho wa mwaka, majani yangefunika mistari yote na mlima ungerudi kuwa blanketi. Mtihani ulikuwa mwisho wa mwaka. Siku Kemunto angeuhitaji mlima wake, usingekuwepo, na dawati lingekwenda.

Kwa hiyo nikaanza kufundisha, na naweza kusema kwamba ni hapo, baada ya miaka zaidi ya mitano ya mshahara wa mwalimu, nilipoanza kazi. Sikuwa na kitabu cha kunionyesha. Niliwatoa wazito wote wanne nje, nyuma ya darasa, tukapanga mawe katika mistari kama mlima ulivyopangwa. Tukahesabu kwa kutembea juu yake. Wiki mbili baadaye tuliacha mawe, tukachora nukta kwenye vibao, mstari chini ya mstari. Kisha nikawaambia wachore pembe nne tu za shamba, bila nukta ndani, na wafikirie nukta. Kemunto alishindwa hapo, akarudi kwenye nukta, akashindwa tena, akarudi kwenye mawe. Nilikuwa nataka kupiga kelele. Nilimwacha arudi.

Niligundua mambo ambayo leo mtayaona ya kawaida. Mvulana mmoja wa kona ile hakujua "kushika mkononi", yaani ile kumi inayovuka kwenda safu ya pili unapojumlisha. Nilimletea majani na kikapu cha mama yangu, nikamwambia viganja kumi ni kikapu kimoja na kikapu hakikai pamoja na viganja. Alielewa kabla hatujarudi ndani. Alikuwa amekaa kona ile miaka miwili akichapwa kwa ajili ya jambo la dakika thelathini.

Mwezi mmoja kabla ya mtihani nilimwendea Mwalimu Mkuu, nikamwomba anipe kitabu cha maendeleo nifute nilichoandika. Alinifungulia ukurasa, akaweka kidole juu ya wino mwekundu.

"Hii kitabu haifutwi," akasema. "Wewe uliandika anaiba. Saa hii unasema haibi. Nikuamini siku gani?"

"Leo, mwalimu. Nilikosea."

"Hm." Alifunga kitabu polepole. "Mama yake amekupa nini?"

Nilieleza habari ya mlima, nikamwonyesha kwa dirisha la ofisi, lakini mlima ulikuwa umeshakuwa wa kijani na hapakuwa na mstari hata mmoja wa kuonyesha. Alitazama mlima, akanitazama mimi. Nilifahamu macho yale. Ningekuwa yeye, nami nisingejiamini.

Mwishowe alisema kwamba mtihani ukifika atamtahini mwenyewe, ofisini kwake, kwa maswali aliyoyaandika mwenyewe na kuyafungia kabatini. Kemunto akae uso kwa kabati. Na mimi nisimame kwenye mlingoti wa bendera, mahali ambapo yeye angeniona kwa dirisha muda wote.

Hivyo ndivyo nilivyosimama siku ile, mtu mzima mwenye watoto wawili, mbele ya shule nzima, mikono kando ya suruali. Sikuthubutu kukohoa, nisije nikaambiwa nimempa jibu. Nzi alitua puani nikamwacha atembee. Nilimuona Mwalimu Mkuu akichungulia, akijificha, akichungulia tena. Nilikuwa nimemfanyia vivyo hivyo Mama Kemunto, mbele ya wenzake, na yeye hakuwa na dirisha wala mtihani wa kumtetea. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Alitoka baada ya muda mrefu, karatasi mkononi.

"Saba kwa kumi," akasema. "Lakini karatasi imejaa nukta nukta kila mahali. Hii nukta ni ya nini?"

"Ni chai," nikasema.

Alinitazama, akakunja karatasi, akaitia mfukoni ili aichunguze vizuri nyumbani. Kemunto alibaki na dawati lake.

Nilimfundisha miaka miwili zaidi, hadi darasa la saba, nikipandishwa pamoja na darasa langu. Hakuwahi tena kutazama nje ya dirisha katika somo langu. Nilipopita kati ya madawati alilaza mkono mzima juu ya daftari lake, ule wenye kovu, na hakuuondoa hadi nilipovuka. Kwa mwalimu wa Kiswahili alifungua. Kwa Mwalimu Mkuu alifungua. Matokeo ya darasa la saba yalipofika, alikuwa amepita, na mama yake alikuja shuleni na mkungu wa ndizi kutoka kwao. Aligawa vichane ofisini, akagawa kwa walimu mlango kwa mlango, akishukuru. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu. Alipita akaingia mlango uliofuata. Nilishuku labda amesahau, nikakohoa. Hakuwa amesahau.

Baada ya hapo nilihamishiwa Ndanai, karibu na kwetu, na huko ndiko nilikokaa hadi kustaafu. Nilipofika, Mwalimu Mkuu wa huko aliniuliza nataka darasa gani, nikamwambia nipe kona ya nyuma ya kila darasa. Alidhani naficha kitu. Nilifundisha kugawanya kwa miche ya vitaluni na sehemu kwa mahindi yaliyopukuchuliwa nusu. Hesabu mpya zilipokuja na vitabu vyake vya seti na mabano, walimu wenzangu walilia, lakini wazito wangu walizipokea vizuri kuliko hodari, kwa kuwa walizoea kuona kitu kabla ya kukiandika. Maafisa wakawa wanakuja kutazama. Nilipewa cheti siku ya kuaga, na redio. Watu walihutubia kwamba nina kipaji cha kuwaelewa watoto. Mimi nilikaa kwenye kiti cha mbele nikitazama viatu vyangu, kwa sababu nilijua nilivyojifunza, na ni nani aliyelipia masomo yangu.

Sikuwa nimewahi kumwomba Kemunto msamaha. Zamani zetu mwalimu hakuomba mtoto msamaha. Nilijifariji kwa hilo miaka mingi, na ni faraja mbaya.

Nilisikia ana duka la mbegu na majembe Chepseon. Mwaka jana nilikwenda. Mama yake alikuwa ameshafariki, jambo ambalo sikulijua. Kemunto ni mama mtu mzima sasa, miwani ya kamba shingoni. Alinitambua kabla sijasema jina, akanipa mkono, akanipa kiti, akauliza watu wangu wote kama inavyostahili.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "umekuja kuniuliza nini?"

"Sikuja kuuliza. Nimekuja kukwambia kwamba nilikukosea, wewe na mama yako. Nilipaswa kusema wakati ule na sikusema. Naomba unisamehe."

Aliniangalia machoni, kisha mikononi, kisha nyuma yangu barabarani, kama kuna mtu mwingine nimekuja naye.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna mtu. Nimekuja mwenyewe."

"Sawa," akasema. "Basi karibu chai."

Aliniletea chai ya maziwa na mkate, akakaa upande wa pili wa meza. Tuliongea habari za mvua na za bei ya mbolea. Nilipomaliza kikombe, aliniuliza tena, kwa upole kabisa, ni nani aliyenituma.